Mkwe Wetu Chuo

Si zamani wala si za kale, ni juzijuzi tu, kulikuwa na nchi ambayo si yetu. Lisemwe mapema hilo, mtu asije akatafutwa bure. Nchi yenyewe ilikuwa na jina, ila jina lilikuwa limepelekwa kwenye kamati ndogo kwa marekebisho, na kamati ndogo ilikuwa bado inasubiri posho, basi wananchi wakawa wanaiita tu "huku kwetu." Sarafu yao iliitwa tumaini, nayo ilishuka thamani kila Jumatatu asubuhi. Mabomba yao ya maji yalikuwa ya kupendeza, yamepakwa buluu kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Maji tu ndiyo hayakuwemo.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Bombani, aliishi Mzee Kibwana Mtulia. Alikuwa karani mstaafu wa shirika la reli, shirika ambalo lilistaafu kabla yake. Lakini hakuna aliyemjua kwa reli. Alijulikana kwa jina moja tu: Mwenyekiti. Kamati yoyote ya harusi iliyoundwa Bombani, mwenyekiti wake ni yeye. Alijua nani atakaa meza kuu, nani ahamishwe mbali na spika, nani akipewa kipaza sauti asiponyang'anywa mapema watu watalala pale pale. Mtu alikuwa hafi Bombani kabla hajaolewa au kuoa mbele ya Mzee Kibwana.

Na harusi ndiyo ilikuwa dini ya pili ya mtaa ule. Watu wa Bombani walikuwa wagumu wa kutoa kama mfuniko wa kopo la rangi. Mgonjwa akitaka dawa, walimwombea. Nyumba ikiungua, walikuja kutazama. Ila likitajwa neno harusi, mifuko ilifunguka yenyewe. Hata aliyekuwa anadaiwa kodi ya nyumba alikopa akachange, maana asingevumilia kuona wenzake wamevaa sare yeye hana.

Sasa Mzee Kibwana alikuwa na binti, Sikudhani, wenyewe wakimwita Siku. Binti huyu tangu mdogo alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Aliuliza kwa nini bomba limepakwa rangi na halitoi maji. Aliambiwa anyamaze. Hakunyamaza, alisoma. Akafaulu mpaka jina lake likatoka gazetini, na barua ikaja kwamba amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Maji na Mambo Yanayofanana na Maji, akasomee uhandisi. Ada ilikuwa matumaini milioni tatu, na barua ilimalizia kwa upole kwamba asipolipa kabla ya mwezi kwisha, nafasi yake atapewa mwingine, ambaye naye atashindwa.

Mzee Kibwana hakubabaika. Alikuwa amechangia mtaa mzima. Akaitisha kamati sebuleni kwake, wajumbe wakaja wamejaa, wengine na vitambaa vya sampuli ya sare mkononi.

"Mwenyekiti," akaanza Bwana Sudi, mweka hazina wa kudumu, kalamu sikioni, "bwana harusi ni mtu wa wapi?"

"Hakuna bwana harusi. Mtoto anakwenda chuo."

Kikao kikapoa kama chai ya msibani.

"Chuo?" Sudi akaitoa kalamu sikioni akaitazama, kana kwamba yeye na kalamu wote wamedanganywa. "Na pilau litaliwa wapi?"

"Sudi, hakuna pilau. Ni ada."

"Ukumbi je?"

"Hakuna ukumbi."

"Basi Mwenyekiti, kwa heshima zote, shikamoo tena. Sisi tukishachanga, tunafanya nini? Tunakaa tunamtazama mtoto akisoma?"

Wajumbe wakacheka kidogo, kisha wakachanga. Walichanga ushauri. Mmoja alisema elimu haina mwisho, mwingine akasema Mungu si Athumani, wa tatu akasema hata yeye hakusoma na mbona yupo. Ushauri ulivuka lengo. Fedha haikupatikana hata ya bahasha.

Walipoondoka, Shangazi Mwantumu, dada yake Mzee Kibwana, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya shule, alisimama katikati ya sebule mikono kiunoni. "Kaka, huyu Sudi si ulimchangia mke wa kwanza?"

"Nilimchangia."

"Wa pili?"

"Nikamchangia."

"Wa tatu ukamnunulia na godoro! Haya, lete godoro akalalie mtoto wetu, maana chuo ndiyo hivyo hakiendeki."

Siku mwenyewe alikuwa ameikunja ile barua ndogo sana, kama mtu anayetaka kuimeza ili isipotee.

Serikali ya nchi hiyo, msije mkaidhania vibaya, haikuwa imelala. Ilikuwa imeshaona mateso ya wazazi na kuunda Wizara ya Kuwapunguzia Wazazi Gharama za Chuo. Wizara ilikuwa na waziri, manaibu wake, washauri wa manaibu, na magari ya washauri. Gharama ya kupunguza gharama ilikuwa kubwa, lakini hilo lilielezwa kwamba ni la muda.

Hatua ya kwanza ya wizara ilikuwa kufuta ada kabisa. Nchi nzima ikashangilia. Jioni yake ikatangazwa kwamba badala ya ada kutakuwa na "mchango wa shukrani," kiwango kile kile, unalipwa dirisha lile lile, kwa mhasibu yule yule, ila sasa mzazi alitakiwa alipe akitabasamu.

Hatua ya pili ilikuwa semina ya wazazi juu ya mbinu za kuweka akiba. Ilifanyika kwenye hoteli nzuri ufukweni. Kwa kuwa wazazi wasingemudu kiingilio, maofisa walijitolea kuwawakilisha. Walikaa wiki nzima wakila kamba na kuzungumzia umaskini kwa uchungu. Maazimio yalichapishwa: mzazi apunguze chai, mzazi apunguze watoto, mzazi mwenye busara aanze kuweka akiba kabla yeye mwenyewe hajazaliwa.

Waziri aliitwa Mheshimiwa Dokta Zumari. Udokta alipewa na chuo cha ng'ambo kwa kuhudhuria chakula cha mchana. Siku moja akaalikwa kuwa mgeni rasmi kwenye harusi ya mpwa wa Bwana Sudi. Akaketi meza kuu, akaona watu ambao wizara yake iliwaandika kuwa ni hohehahe wakitunza mamilioni huku wakicheza. Inasemekana aliacha paja la kuku hewani, njia panda kati ya sahani na mdomo. Wazo lilikuwa limemshukia, na mawazo hayakuwa na mazoea ya kumshukia.

Asubuhi redio ya taifa ikamleta moja kwa moja.

"Wananchi wapendwa! Nimetafiti. Watu wetu wana fedha, isipokuwa fedha zao zinapenda harusi. Basi serikali yenu sikivu imeamua kuipeleka elimu kwenye fedha, badala ya kuzivuta fedha kwenye elimu! Kuanzia leo binti hajiungi na chuo. Binti anaolewa na chuo! Kamati zitachanga, michango italipa ule mchango wa shukrani, na mzazi atabaki kupiga vigelegele. Taratibu zote za harusi zitafuatwa, bila kupunguza hata moja. Gharama kwa mzazi: sifuri!"

Kukawa kimya. Wapiga makofi wa redio walikuwa hawajalipwa mwezi wa nne huo. Mtangazaji akajikohoza, akasoma mwenyewe kwenye karatasi: "Makofi. Makofi mengi."

Mwandishi mmoja akauliza, na watoto wa kiume je? Waziri akajibu kwamba wa kiume wasubiri kanuni. Wanazisubiri hadi leo. Wengine wameota ndevu wakizisubiri.

Bombani ikafurika furaha. Kabla redio haijazimwa, Bwana Sudi alikuwa mlangoni kwa Mzee Kibwana, kalamu sikioni.

"Mwenyekiti! Mbona hukusema kama ni harusi?"

"Mimi mwenyewe nimeisikia sasa hivi, Sudi."

"Sare tuvae rangi gani?"

Watu wakachanga, hadi Bi. Zawena, mkewe Mzee Kibwana, akaenda chumbani kulia kwa furaha. Wale wa ushauri walichanga. Wale ambao hawakuja na ushauri nao walichanga. Ikafika milioni saba, na Mzee Kibwana akaanza kulala usingizi wa watu wenye akili timamu.

Lakini kamati ya harusi ni kamati ya harusi. Ukumbi ulichukuliwa wenye viyoyozi. Sare ilikuwa ya zambarau, na akina mama wakasema bila kilemba cha zambarau itakuwa aibu. Keki ilitengenezwa kwa umbo la chuo chenyewe, ina ghorofa na mabweni. Wapiga picha walitoka mji wa pili. Msema chochote alikodiwa wa bei mbaya, maana wa bei nzuri walikuwa wanachekesha kidogo. Mzee Kibwana alipojaribu kusema jamani tutenge ya ada kwanza, wajumbe walimwangalia kama mtu aliyetaka kuimba taarabu msikitini.

Usiku wa kuamkia harusi Bwana Sudi akaleta hesabu.

"Kila kitu kimelipwa," akasema kwa fahari. "Hatudaiwi."

"Na ada?" akauliza Bi. Zawena.

Sudi akaweka bahasha mezani. Bi. Zawena akaifungua, akachungulia, akaigeuza, akaitikisa.

"Shemeji, tumechanga milioni saba, tumebakiwa na bahasha?"

"Nzuri lakini, shemeji. Angalia, ina maua."

Kulipokucha mtaa mzima ulikuwa wa zambarau. Mzee Kibwana alikaa mkekani mbele ya nyumba, koti limembana, bahasha ya maua mfukoni. Ndani, Siku alikuwa amepambwa kama maharusi wote, na chini ya kanga ameficha kitabu cha hesabu. Baba mtu alikuwa na jambo moja tu kichwani: chuo kikija na kukuta ada hakuna, kitamwacha mtoto mbele ya spika, mbele ya keki, mbele ya mtaa aliouongoza maisha yake yote. Na nafasi itakwenda kwa yule mwingine, ambaye naye atashindwa.

Wakaja. Mbele alikuwa Mheshimiwa Zumari, ambaye siku hiyo alijiteua mshenga. Nyuma yake Mkuu wa Chuo, Profesa Ndimbo, mrefu, mkavu, ndani ya joho jekundu, akiwa ndiye anayesimama mahali pa bwana harusi kwa kuwa chuo chenyewe ni majengo na hakikuweza kuja. Kisha mhasibu na kitabu cha stakabadhi. Mwisho kabisa redio ya taifa, waya umeburuzwa toka barabarani.

"Hodi!" akasema Waziri kwa sauti ya redio. "Tumekuja kumchukua bibi harusi. Na kile kibahasha."

Mlango ukafungwa. Paa! Komeo likashuka kwa ndani.

Si kwamba palikuwa na njama. Shangazi Mwantumu hufunga mlango katika kila harusi. Amefunga milango tangu ujana wake, na mikono yake ilipoona mshenga amefika ilifunga yenyewe.

"Mlango haufunguki kwa maneno!" ikasikika sauti yake. Akina mama wakapiga vigelegele.

Profesa Ndimbo akainama kwenye tundu la ufunguo. "Mama, samahani. Sisi ni chuo."

"Nimesikia. Si ndiyo mume?"

"Kwa... kwa mujibu wa sheria, ndiyo."

"Basi mahari yako iko wapi, mwanangu?"

Pale mkekani, neno mahari lilimfikia Mzee Kibwana masikioni. Tayari alikuwa ameitoa nusu ile bahasha tupu, ili aikabidhi aibu yake yote kwa mkupuo. Lakini miaka yote ile ya uenyekiti ilikuwa ndani yake kama mafuta ndani ya samli. Aliposikia mahari, mgongo ulinyooka bila ruhusa yake, na mdomo ukafunguka.

"Mahari ya binti," mdomo ukasema. "Mkaja wa mama. Kilemba cha baba. Cha wajomba. Ubeleko. Cha kufungulia mlango, hicho ni cha shangazi. Na blanketi la bibi."

"Bibi yake yupo?" akauliza Profesa.

"Alifariki. Blanketi hana vilevile."

Waziri akacheka kicheko cha kuwapa watu nafasi ya kusema ni utani. Hakuna aliyeitumia nafasi hiyo.

"Mzee wangu," akasema, akishusha sauti, "mbona unatuchanganyia mambo? Ninyi ndio mnaolipa. Mnalipa ada."

"Mheshimiwa, sheria yako nimeisikia redioni. Taratibu zote, bila kupunguza hata moja. Mimi nimeongoza harusi nyingi. Nipe moja tu ambayo bibi harusi alilipa."

Mhasibu akajaribu kuokoa jahazi. "Labda tufanye hivi. Mahari itolewe, halafu ada ikatwe humo humo..."

"Nani huyo anayeongea?" Shangazi akaunguruma kwa ndani. "Mke gani analipa ili aolewe? Huyo si mke, huyo mpangaji!"

Mtaa wa Bombani ukaangua kicheko hadi kikaingia redioni, na redio, kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikarusha kicheko ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi. Waziri akautazama waya wa redio, akautazama umati wa zambarau. Kusema sheria yake ina tundu asingeweza. Mawaziri wa nchi hiyo walikuwa wameapa kutokosea. Akamwita msaidizi, akafungua mkoba uliobeba posho za ujumbe mzima, akaanza kuhesabu na uso wa mtu anayeng'olewa jino na rafiki yake.

Mlango ukafunguka. Siku akatoka. Mzee Kibwana akairudisha bahasha mfukoni, ikiwa imejaa, na sasa maua yake yalionekana kuwa na maana.

Habari hii ikaenea kuliko homa. Miaka iliyofuata kila mzazi mwenye binti alikuwa na mkeka mbele ya nyumba na shangazi nyuma ya mlango. Vyuo vikaoa mpaka vikafilisika. Magari ya washauri wa manaibu yakaanza kukosa mafuta, na hapo ndipo serikali ilipotambua kwamba kuna jambo la dharura.

Wakati huo Siku alikuwa amebakiza miezi michache tu kumaliza. Mahari yake yote ilikuwa imekwisha kwa vitabu, ambavyo vilikuwa vikiuzwa na mume. Alama zake zilikuwa za juu. Alishaanza kueleza nyumbani, kwa kuchora kwenye mchanga, kwa nini Bombani hakuna maji. Ndipo redio ikasema kanuni mpya zimetoka.

"Ndoa ni ndoa," Waziri alieleza. "Cheti cha kuhitimu ni nini? Ni ruhusa ya kuondoka. Na ruhusa ya mke kuondoka kwa mumewe inaitwaje? Inaitwa talaka. Basi mke anayetaka talaka arudishe mahari, pamoja na gharama za kumtunza. Asiyerudisha atabaki ndani ya ndoa yake, na tunawatakia maisha mema."

"Makofi," akasoma mtangazaji.

Mzee Kibwana alizima redio akakaa. Gharama zilizopunguzwa mlangoni zilikuwa zimezunguka nyuma ya nyumba, na sasa zimesimama uani zimenenepa. Mtoto amesoma, na karatasi hapati. Bila karatasi hakuna atakayemwachia aguse hata koki.

"Tuuze kiwanja," akasema.

"Kiwanja gani? Hiki tulichokalia?" Bi. Zawena akauliza.

Shangazi Mwantumu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mke akiomba talaka anarudisha. Mume akiacha mwenyewe, harudishi mtu kitu. Kaka, wewe si ndiye mwenyekiti? Hilo nalo nikufundishe mimi?"

"Chuo kitamwacha vipi? Mtoto hana kosa. Wa kwanza darasani."

"Nani kasema mtoto akosee?" Sasa aliinua kichwa. "Kaka, hivi wewe umewahi kutembelewa na wakwe?"

Jumamosi hiyo Bombani ilihamia chuoni. Walivaa sare ya zambarau, maana ilikuwepo na imelipiwa. Mzee Kibwana mbele na fimbo, Bi. Zawena, Shangazi Mwantumu na jogoo kwapani, Bwana Sudi na wake zake, kamati nzima, na mbuzi. Profesa Ndimbo alitoka ofisini mbio.

"Kuna nini?"

"Mkwe!" akasema Mzee Kibwana kwa mapenzi mazito. "Hata shikamoo hakuna?"

Profesa akatazama wanafunzi waliokusanyika. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tumekuja kukujulia hali."

"Ahsanteni. Mtaondoka lini?"

"Unatufukuza?" akauliza Shangazi kwa upole wa kutisha, na jogoo akageuza shingo naye akamtazama Profesa.

Walipewa ukumbi wa mitihani wakalale. Mbuzi alifungwa kwenye mlingoti wa bendera. Asubuhi Bi. Zawena alituma ujumbe kwamba chai ya kwa mkwe ni nyepesi. Bwana Sudi aligundua kochi katika ofisi ya makamu mkuu wa chuo na hakuonekana tena amesimama. Shangazi Mwantumu aliingia kwenye baraza la wanataaluma, akavuta kiti, akasema endeleeni wanangu nasikiliza, na kila mmoja alipotoa hoja yeye alisema "Mh." Mh ile iliangusha hoja tatu na mtaala mmoja. Kamati ilifanya vikao vyake maktaba, kwa sauti ya ukumbini. Na kila jioni Mzee Kibwana alikaa kizingitini kwa Profesa, akimsimulia harusi alizowahi kuongoza, kuanzia ya kwanza, bila kuruka mtu.

Siku peke yake hakusumbua. Alifanya mtihani wake wa mwisho nje, chini ya jua, kwa kuwa ukumbini kulikuwa na wakwe wamelala, na akaufaulu kuliko wote.

Profesa Ndimbo alikuwa mkavu tangu mwanzo. Sasa alibaki joho. Siku moja harusi za Mzee Kibwana zikiwa zimefika kati, akanyanyua mkono.

"Baba. Mnataka nini?"

"Sisi? Hatutaki kitu, mkwe. Wewe ndiye mwenye nyumba. Tupo hapa hapa, hata mwakani. Nilikuwa nimefika wapi? Eeh, harusi ya Sudi. Ile ya pili."

Profesa akaingia ndani. Ikasikika droo ikivutwa, muhuri ukigongwa kwa hasira. Akatoka na karatasi nene yenye nembo ya taifa. Iliandikwa hivi: *Mimi, Mkuu wa Chuo, kwa akili zangu timamu na bila kuombwa na yeyote, nimemwacha Sikudhani binti Kibwana, pamoja na Shahada yake ya Uhandisi wa Maji, daraja la kwanza. Simdai.* Kisha akatoa ya pili, na ya tatu.

"Hizi nyingine?"

"Nakala," akasema Profesa. "Talaka tatu, baba. Asije akarejewa."

Bombani wakarudi wakiimba, na mitaa mingine ikaiga kuwatembelea wakwe. Ikabaki kazi tu.

Na kazi, hapo ndipo nchi hiyo ilipoonyesha werevu wake wote. Siku alipeleka karatasi yake kila idara inayohusika na maji, na kila idara ilimpa kiti, na kila kiti kilikuwa cha kusubiri. Wahitimu wengine walikuwa wamekaa hapo kabla yake. Wengine walishazoeana wakaposana. Nchi ilikuwa na wahandisi wa maji wa kujaza bwawa na haikuwa na maji ya kujaza kikombe. Watu wakaanza kunung'unika, mpaka Waziri akarudi redioni.

"Nimesikia maneno ya mitaani kwamba vijana wetu wamekosa ajira. Si kweli! Hao wameachika juzi tu na vyuo. Mwanamke aliyeachika hukaa nini? Hukaa eda! Vijana wako eda. Wakae ndani, watulie, wasionekane na vifaa vya kazi. Eda itakwisha pale serikali itakapotangaza kwamba imekwisha."

Safari hii mtangazaji hakusoma kitu. Binti yake naye alikuwa eda.

Siku alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga kanga kiunoni, akachukua spana ya babake ya enzi za reli na jembe la mamake.

"Mwanangu, uko eda," akasema Mzee Kibwana, nusu kwa utani, nusu kwa woga.

"Baba, eda ya watu ina mwisho. Hii ya Waziri ina mwisho gani?" Akatoka.

Alikwenda moja kwa moja hadi mwanzo wa mtaa, kwenye jiwe la uzinduzi. Bomba la Bombani lilikuwa limezinduliwa na mawaziri mara mbili, na jiwe la marumaru lilikuwepo kuthibitisha. Siku akachimba nyuma ya jiwe. Mtaa ukaja kutazama, kama unavyokuja nyumba ikiungua. Chini, bomba la buluu la Bombani lilikuwa limefika likakoma, na bomba kuu la mji lilikuwa pale pale, limejaa maji, linapita zake. Kati yao palikuwa na nafasi ya kiganja. Lilizinduliwa mara mbili na halikuwahi kuunganishwa. Siku akaliunganisha.

Jioni ile koki za Bombani zilikohoa, zikatema kutu, zikatema mjusi, kisha zikatoa maji. Bwana Sudi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, ndoo mbili mkono huu, mbili mkono huu.

"Mwenyekiti," akasema, "nilisema mimi. Elimu haina mwisho. Si tulichanga?"

Kabla Mzee Kibwana hajapata jibu linalosemeka mbele ya watoto, pikipiki ya serikali ikasimama. Akashuka Afisa Eda wa wilaya, kijana nadhifu, isipokuwa kola imekaukiwa na jasho la siku nyingi, na hati ya mashitaka dhidi ya Sikudhani binti Kibwana, mtalaka, aliyeonekana hadharani na spana.

Bi. Zawena akamtanguliza binti yake ndani. Wa nyumba ile wote wakaingia. Afisa akafika kizingitini, akafungua hati, akakohoa. Koo lilikuwa kavu. Macho yakamponyoka yakaenda kwenye koki, yakakaa huko. Akaomba maji. Akanywa kikombe, akanywa cha pili, cha tatu akajimwagia kichwani. Akaitazama ile hati kwa muda, akaikunja mara moja, mara mbili, akaitia mfuko wa nyuma.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini kuelekea ndani, "kwetu bomba limezinduliwa mara tatu. Mama yangu anachota mbali sana. Nilikuwa nauliza... kesho asubuhi unaweza kufika?"

Paa! Mlango ukafungwa. Komeo likashuka kwa ndani.

"Mlango haufunguki kwa maneno," ikasikika sauti ya Shangazi Mwantumu, na kupitia dirishani ukatokea mkono wake, kiganja juu.